Nyani Wawili wa Adili na Kamba ya Nyuzi Tatu

"Taja sifa nne za Adili."

Kama ulisoma fasihi ya Kiswahili sekondari, swali la namna hii unalijua hata kama mhusika wako alikuwa mwingine. Mimi nililijibu kwa dakika mbili: mwema, mvumilivu, mtiifu, mwenye huruma. Vema nne. Swali lililofuata lilitaka sifa za Hasidi na Mwivu, na hilo lilikuwa mteremko kabisa maana majibu yamo kwenye majina. Hasidi ana husuda, Mwivu ana wivu, weka kalamu chini.

Mwaka huu nimekirudia kitabu kile nikiwa nyumbani Isongole, huku Ileje, mpakani na Malawi. Nilikuja kwa msiba wa baba nikakaa kuliko nilivyopanga, kwa sababu ya maneno ya shamba la kahawa kati yangu na kaka yangu. Nitafika huko. Kwanza niseme tu kwamba safari hii swali la sifa nne lilinishinda, na aliyesababisha si Shaaban Robert. Ni kitabu kingine kabisa, cha Wahindi, ambacho nilikuwa nakisoma usiku kwa kupokezana na chake.

Kwa ambao hawajakisoma, au walikisoma kwa ajili ya mtihani wakakisahau: Adili na Nduguze kilitoka mwaka 1952. Mfalme Rai wa Ughaibuni anamtuma mjumbe wake, Ikibali, kwenda Janibu kufuatilia kodi. Mtawala wa Janibu ni Adili, mtu anayesifiwa na raia zake kwa haki. Usiku mjumbe anaona jambo la ajabu. Adili anashika mjeledi, anawachapa nyani wawili mpaka hoi, kisha analia, anawabembeleza na kuwalisha. Habari inamfikia mfalme, Adili anaitwa yeye na nyani wake, anajieleza. Kumbe nyani wale ni ndugu zake wa damu. Walimtosa baharini kwa wivu. Jini Huria, ambaye Adili aliwahi kumwokoa, akamwokoa yeye, akawageuza wale wawili kuwa nyani na kumwamuru awachape kila usiku.

Waliosoma Alfu Lela Ulela watatambua kisa cha Abdallah bin Fadhil wa Basra na ndugu zake, enzi za Harun al-Rashid. Kule ndugu wanageuzwa mbwa. Shaaban Robert amewafanya nyani, na mabadiliko hayo si madogo: mbwa anafanana na mbwa tu, lakini nyani ukimtazama muda mrefu anakurudishia uso wako. Kingine alichobadili ni mwisho. Kule ndugu wakishasamehewa wanarudia ubaya wao. Huku wanarudishiwa ubinadamu, wanatubu, mambo yanaisha kwa heri.

Sasa turudi kwenye majina. Hasidi na Mwivu ni watu wawili, ila tabia ni moja. Hasidi ni neno lenye asili ya Kiarabu, mwivu ni la Kibantu, na yote mawili yanasema kitu kilekile. Sisi wa mpakani tunaijua hali hii: mtu mmoja, vitambulisho viwili. Kwa miaka mingi nilidhani ni uzembe mdogo wa mwandishi. Kama umejipa nafasi ya kuunda ndugu watatu, kwa nini wawili uwape kasoro moja? Siku hizi nadhani Shaaban Robert hakuwa anaunda ndugu watatu hata kidogo. Aliunda sifa moja njema na sifa moja mbaya, kisha akaipa ile mbaya watu wawili ili ionekane nzito.

Hapo ndipo Wahindi walipoingia.

Kitabu chenyewe ni tafsiri chakavu ya Bhagavad Gita, niliyoinunua kwa wauza vitabu vya mitumba Posta, Dar es Salaam, miaka ya chuo, nikakaa nayo bila kuisoma. Na hili ni la kushangaza kidogo ukilifikiria. Bahari ya Hindi imetuletea maneno mengi kutoka kwa Wahindi: gunia, gari, laki, bima, chapati. Hata mwarobaini wenyewe, ambao bibi zetu wanauapia kwamba unatibu maradhi arobaini, ni mti wa kwao, na kwenye tiba yao ya Ayurveda una heshima kubwa tangu kale. Vitu vya dukani, jikoni na uani tumevipokea. Lakini maneno ya mambo ya ndani ya mtu hatukuyachukua kwao. Roho, nafsi, akili, tabia, dhamiri, hulka, silika, hayo yote yalitufikia kupitia Kiarabu. Ya kwetu tulibaki na moyo, na mtima wa washairi. Tuliuziana gunia miaka na miaka bila kuulizana roho ina nini ndani yake.

Wao walikuwa wameliuliza swali hilo muda mrefu, tena kwa ugomvi. Wanafalsafa wa mkondo wa Nyaya wanasema roho inatambulikana kwa alama zake sita: kutaka, kuchukia, kujitahidi, raha, maumivu na kujua. Ukiona hivyo, roho ipo. Wenzao wa mkondo wa Sankya wanakataa: roho yenyewe haina sifa yoyote, inatazama tu, na sifa zote ni za maumbile yanayoizunguka. Sifa hizo ni tatu. Satva ni wepesi, nuru, utulivu. Rajasi ni mwendo, hamu, moto wa kutaka. Tamasi ni uzito, giza, uvivu. Jina la jumla la zote tatu ni guna, na neno hilo lina maana mbili: sifa, na pia uzi mmoja wa kamba.

Uzi wa kamba! Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatoka nje. Huku kwetu kila mtoto ameona kamba ya mgomba ikisokotwa. Hakuna anayekuuliza kamba hii ni uzi gani. Ni zote, zimekabana, na zikiachana si kamba tena. Ishvarakrishna, aliyeandika beti za msingi za Sankya, alitumia mfano wa taa: utambi, mafuta na moto ni vitu vinavyopingana, lakini vinatoa mwanga mmoja. Na Gita inasema wazi kwamba hakuna kiumbe, duniani wala kati ya miungu, aliyeepukana na nyuzi hizo tatu.

Ukikubali hilo, swali la mwalimu wangu linavunjika. Huwezi kutaja sifa nne za Adili kama unavyotaja vitu vinne vilivyomo mfukoni mwake. Unaweza tu kuuliza: leo, kwenye ukurasa huu, uzi upi umekaza?

Lakini kilichonipata zaidi kipo sura ya 14 ya Gita. Nilitegemea nisome kwamba satva ni uhuru na zile mbili ni kifungo. Wapi! Zote tatu zinafunga. Tamasi inamfunga mtu kwa usingizi na uzembe, rajasi kwa kazi na tamaa ya matunda yake, na satva, ile nzuri, inamfunga kwa kupenda raha na maarifa yake mwenyewe. Wema nao ni kamba. Mtu anaweza kufungwa na uzuri wake mwenyewe.

Rudi sasa Janibu, usiku, umtazame Adili akiinua mjeledi. Kwa nini anachapa? Kwa sababu ni mtiifu. Kwa nini analia? Kwa sababu ana huruma. Sifa zote nilizoandika kwenye daftari ziko pale, zinafanya kazi, na matokeo yake ni viumbe viwili vinavyopigwa kila siku na ndugu yao. Mtu mwovu angechoka mapema. Angewauza, angewaacha porini, angesahau. Anayeweza kuchapa kila usiku bila kukosa ni mtu mwadilifu tu. Sidhani Shaaban Robert alikusudia tuone hivyo, ila tukio alilolichora lina nguvu kuliko funzo alilotaka tulichukue, na kwangu hiyo ndiyo dalili ya mwandishi mkubwa.

Kuna jambo la pili, na hili linanigusa kama mwandishi wa habari. Kisa cha uovu wa Hasidi na Mwivu tunakipata kwa mdomo wa Adili, mbele ya mfalme. Nyani wapo palepale, hawasemi. Kazini kwetu habari ya namna hiyo mhariri anairudisha: upande wa pili uko wapi? Tunaambiwa walimwonea ndugu yao wivu. Kwa nini? Watu walizaliwa nyumba moja, wakala chungu kimoja, halafu mmoja akatoka Adili na wawili wakatoka nyani. Kitabu hakijibu, na sisi hatuulizi, maana Waswahili tulishafunga mjadala zamani: hasidi hana sababu.

Ayurveda haiwezi kukubali methali hiyo. Charaka Samhita, kitabu cha tiba kilichoanza kukusanywa takriban miaka elfu mbili iliyopita, kinaweka elimu yote ya uganga juu ya mambo matatu: chanzo, dalili na dawa. Asiyetafuta chanzo si mganga. Na kitabu hicho hakiishii kwenye mwili. Mwili una wachafuzi wake watatu, akili ina wawili, yaani rajasi na tamasi zikizidi. Wivu na hasira vinaorodheshwa kabisa kama mambo ya kitabibu.

Charaka anafika mbali zaidi. Anapanga tabia za watu katika aina 16: 7 za satva, 6 za rajasi, 3 za tamasi. Kati ya zile za rajasi kuna mtu wa aina ya nyoka na mtu wa aina ya ndege. Zile tatu za mwisho ni mtu wa aina ya mnyama, wa aina ya samaki na wa aina ya mti. Nilicheka niliposoma, nikamfikiria jini Huria. Yeye ilibidi atumie nguvu zake kuwageuza watu nyani. Charaka angemwambia usijisumbue dada, wapo tayari, ni suala la kuwatazama tu. Tofauti ni kwamba kwa Charaka unyama ni hali ya mgonjwa, na kwa Huria ni hukumu ya mkosaji.

Nisiwapambe Wahindi kupita kiasi. Gita hiyohiyo, sura ya 18, inatumia guna kugawa kazi za matabaka, kuanzia makuhani mpaka watumishi, na mafundisho haya yametumika kuwaambia mamilioni ya watu kwamba udogo wao uko kwenye damu. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa katika tabaka la walioitwa wasioguswa na baadaye akaongoza kazi ya kuandika rasimu ya katiba ya India, alilipinga hilo maisha yake yote. Kwa hiyo hata kamba ya nyuzi tatu, ukiishika vibaya, inakuwa orodha ya majina ileile: huyu Adili, huyu Mwivu, amezaliwa hivyo. Orodha ya aina 16 za Charaka nayo ina harufu hiyo. Ninachokitaka kutoka kwao ni ule msokoto, na lile swali la chanzo. Mengine yabaki kwao.

Sasa kaka yangu.

Nyumbani kwetu mimi ndiye Adili. Nilisoma, nikapata kazi, natuma hela. Kaka yangu alibaki. Tangu tukiwa wadogo akiitwa mtu wa kinyongo, na jina likamkaa kama shati la shule. Baba alipofariki alikataa shamba lisigawanywe. Mimi nikawa na jibu tayari: si mnajua alivyo. Kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo nilikuwa namwandikia karibu kila usiku, kwa lugha safi kabisa, ya upole, yenye mantiki, na mashangazi wote wakinijibu amina. Yeye hakuandika chochote. Nilihesabu hilo kama ushahidi.

Ni bibi mzaa mama, mtu wa Rungwe, aliyesema inatosha. Alituita na shangazi wawili, akaweka kikombe cha maji katikati. Kila mtu aseme kilichomo moyoni, kisha apulize maji nje kwa mdomo. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey kwenye miaka ya 1930, alieleza desturi hii kwa kirefu kwenye vitabu vyake vya matambiko ya Wanyakyusa, cha kwanza kikitoka mwaka 1957: hasira ya ndugu ikifichwa moyoni inawaletea jamaa ugonjwa, na dawa ni kuikiri kwa maneno, kisha kupuliza maji. Nilikuwa nimelisoma hilo chuoni kama habari ya watu wengine.

Zingatia mpangilio wake ukilinganisha na Charaka. Charaka anasema misukumo ya mwili usiizuie: njaa, usingizi, chafya, miayo, machozi. Lakini ya moyo izuie: tamaa, huzuni, hofu, hasira, majivuno, wivu. Bibi anasema kinyume, kwamba ya moyo ndiyo hasa usiyoruhusiwa kuyazuia. Shaaban Robert yeye ana njia ya tatu, achapwe. Kwa machozi wote watatu wangekubaliana: acha yatoke. Adili angalau alilia. Mimi kwenye WhatsApp sikulia hata mara moja.

Zamu yangu nilisema maneno mazuri. Zamu ya kaka ikafika, akanyamaza muda mrefu, halafu akasema miaka ile ada yangu ilipokuwa inalipwa, kahawa ya lile shamba ilivunwa na yeye, alipaliliwa naye, na aliacha shule darasa la saba ili mikono itoshe. Baba alimwambia shamba litakuwa lake. Hakuna karatasi. Hakuwahi kulisema kwa sababu hakuona mahali pa kulisemea. Akapuliza maji.

Hasidi hana sababu, eti.

Fasihi yetu haikubaki pale Shaaban Robert alipoiacha, tuwe wakweli. Euphrase Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971 alimpa Rosa baba mkali na mlevi, akaonyesha hatua kwa hatua jinsi ukali ule ulivyomsokota binti. Kikafungiwa kutumika shuleni kwa muda. Pengine wakubwa waliona ngono tu. Mimi naona kilichotisha ni kwamba huwezi kujibu swali la sifa nne za Rosa bila kuanza na sifa za Zakaria, na za Zakaria ukizianza hujui utaishia wapi. Kazimoto wa Kichwamaji (1974) ndiyo kabisa, nyuzi zote zimefumuka. Walimu wanatwambia hawa ni wahusika duara na akina Adili ni wahusika bapa, kana kwamba ni suala la ufundi lililoboreshwa kadiri miaka ilivyopita, kama simu. Siamini. Nadhani ni mabishano juu ya mtu ni nini, na hayajaisha.

Tena nadhani Shaaban Robert mwenyewe aliyahisi. Vinginevyo kwa nini aubadili mwisho? Kisa alichokirithi kilimruhusu awaache wale ndugu wabaki waovu mpaka kaburini. Angekuwa anaamini kweli kwamba mtu ni jina lake, Hasidi asingeweza kutubu, maana angebaki na nini? Anapowarudishia sura ya watu anakiri kimyakimya kwamba ndani ya Mwivu kulikuwa na uzi mwingine wakati wote wa mjeledi. Ningependa angewapa na kurasa chache za kusema. Ndicho kitu pekee ninachomdai.

Suala la shamba linaendelea kuzungumzwa. Siwezi kusema limekwisha. Kabla sijapanda gari la Mpemba, kaka aliniomba kile kitabu nilichokuwa nakisoma usiku, nikadhani anataka Gita, kumbe anataka chenye picha ya nyani kichwani mwangu, kama alivyokiita kwa kunitania, kwa kuwa nilikuwa nimewasimulia. Nikamwachia. Baada ya wiki mbili nikampigia simu kuuliza amefika wapi.

"Mdogo wangu," akasema, "huyu Adili wako anaongea sana."

Kitabu hakijarudi.